Mwasumini Unaojaa Majani Bila Maua

Lalamiko ninalolisikia zaidi kwa wenye miasumini uani ni hili: mti umestawi, majani yamejaa, matawi yameparamia ukuta mpaka dirishani, lakini mtu akitafuta maua ya kufungia kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia cha kujipamba, anarudi na mawili matatu. Mwenye mti huona una njaa, akaongeza samadi. Baada ya mwezi majani yamezidi na maua ni yale yale.

Mara nyingi dawa ni mkasi. Mwasumini huchanua kwenye ncha za vitawi vichanga vilivyochipua karibuni. Tawi likishakomaa na kugeuka rangi ya kahawia, ncha yake imekwisha kazi. Litachanua tena pale tu litakapotoa kichipukizi kipya. Mti ulioachwa miaka mitatu minne bila kuguswa unalisha msitu wa vijiti vya zamani, na mbolea unayoutilia inaishia humo humo. Kukata nitakueleza kwa kirefu, maana ndiko watu wanakokuogopa. Kwanza tuhakikishe tunazungumzia mti mmoja.

Asumini ya vikuba na makoja ni Jasminum sambac, mti ulioletwa kwetu kutoka Asia ya Kusini. Ufilipino waliufanya ua lao la taifa tangu 1934. Majani yake ni mazima, mapana kiasi, yanang'aa, na kwa kawaida hukaa mawili mawili yakitazamana. Ukikuta jani limegawanyika vijani vitatu na mmea unatambaa juu ya miti mingine, hiyo ni jamaa yake ya porini, Jasminum fluminense. Nayo hunukia, lakini ukiipanda uani itakupa kamba ndefu za kupanda paani badala ya kichaka. Wauza miche wengine huziita zote asumini bila kutofautisha, kwa hiyo angalia jani kabla ya kulipa.

Iko pia asumini ya maua mazito, petali zimepangana kama waridi dogo, na majani yake mara nyingi hutoka matatu matatu kwenye kifundo kimoja, yaani pale majani yanapoungana na tawi. Ni nzuri kwa macho lakini hukua polepole. Kwa nyumba inayotaka maua ya kutunga kila wiki, mimi humshauri mtu apande ya petali chache: hufanya matawi upesi, na kitumba chake chembamba hupita kwenye uzi bila kupasuka.

Mahali na udongo

Mwasumini unataka jua la wazi, si chini ya saa sita kwa siku. Nyua za mijini zimezungukwa na kuta ndefu, na pengine jua linafika adhuhuri tu. Simama uani saa nne asubuhi, kisha saa tisa alasiri, utazame ni sehemu gani ina jua nyakati zote mbili. Hapo ndipo pa kupanda. Kivulini mti utaishi, ila utarefuka kutafuta mwanga na maua yatakuwa haba hata ukate vipi.

Kwa udongo, wa Unguja na Pemba wanajua kwamba kinongo, udongo tifutifu unaopitisha maji, hakina shida. Kichanga nacho kinafaa ukikichanganya na mboji nyingi, kwa sababu chenyewe hakishiki maji wala rutuba. Kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi, kinatuamisha maji na mizizi ya mwasumini huoza upesi. Kama huna hakika na ardhi yako, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, uangalie. Yakinywewa ndani ya saa chache, panda. Yakilala mpaka kesho yake, inua tuta au tumia chungu.

Shimo la kupandia liwe sentimita 45 kwenda chini na 45 upana, na udongo uliotoka uchanganywe na ndoo moja ya samadi iliyokwisha kuoza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga. Ukipanda zaidi ya mti mmoja, acha mita moja na nusu kati yake, upate pa kupita na kuchuma.

Kuotesha miche

Huna haja ya kununua miche mingi. Mti mmoja mzuri wa jirani unatosha, na wakati mzuri ni masika yanapoanza. Chagua tawi lililo katikati ya uchanga na ukomavu: limeacha ulaini wa kijani, lakini bado halijawa kuni. Kata vipande vya sentimita 12 hadi 15, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au zaidi, na ukate chini kidogo tu ya kifundo kwa sababu hapo ndipo mizizi hutokea. Ondoa majani ya chini yote. Yale mawili ya juu yakate nusu, ili kipande kisipoteze maji kupita kiasi. Chomeka kwenye kopo lililotobolewa chini, lenye mchanga wa mtoni na mboji nusu kwa nusu. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini, na unyunyize ili udongo uwe na unyevu bila kulowa chepechepe.

Mizizi huchukua wiki 4 mpaka 6. Kichipukizi kikifika kama shubiri moja, kikate ncha. Vitatoka viwili mahali pa kimoja, na huo ndio mwanzo wa kichaka. Kitumba kikitokea mche ungali kwenye kopo, kitoe, inavyouma moyo, ili nguvu iende mizizini kwanza.

Kukata

Sasa mkasi. Kwa Pwani yetu mimi hupendelea mwisho wa Agosti, kipupwe kikiwa kinaaga, ili vichipukizi vipya vikutane na mvua za vuli na joto linalofuata. Wiki mbili kabla ya hapo punguza maji, mti upumzike. Kisha siku yenyewe noa mkasi au kisu, na ukipanguse kwa spiriti.

Anza na vilivyokufa. Kwaruza gome kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani, tawi lina uhai, pakiwa kahawia na pakavu, liondoe mpaka shinani. Toa na yale yanayosuguana katikati ya kichaka, hewa ipite. Halafu kata kichaka kizima kirudi urefu wa sentimita 45 hadi 50 kutoka ardhini. Ndiyo, kizima. Kila mkato uwe juu kidogo ya kifundo, kwa mshazari, maji yasitulie juu ya kidonda. Ukimaliza, mti utaonekana kama umeharibiwa, na pengine wa nyumbani watakulaumu. Usirudi nyuma. Baada ya siku kadhaa tazama kwa karibu pale jani lilipoungana na tawi: utaona vidoto vya kijani, viwili vikitazamana kwenye kila kifundo. Kila kidoto ni tawi, na kila tawi litamaliza kwa kishada cha vitumba, aghalabu vitatu pamoja, cha katikati kikitangulia kufunguka.

Kama mti wako ni mzee sana na haujakatwa maisha yake, ugawe kazi: nusu ya matawi mwaka huu, nusu mwaka ujao. Baada ya hapo, kila wimbi la maua likipita, punguza ncha kwa theluthi moja tu. Mti ukishazoea mtindo huu hutoa maua kwa mafungu, likiisha moja linaanza jingine, na kwenye miezi ya joto ndipo hujitolea hasa.

Tangu kukata kwa nguvu mpaka maua kujaa ni kama miezi miwili au mitatu. Wenye harusi wanaweza kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya arusi wakajua wakate lini.

Mbolea hutiwa sasa, baada ya kukata: samadi iliyooza au mboji, ndoo moja kuzunguka shina, isiliguse shina lenyewe, kisha ufunike kwa makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa ili chumvi itoke. Epuka kumimina urea. Naitrojeni nyingi ndiyo hasa inayoleta yale majani mengi yasiyo na maua.

Majani yanapogeuka manjano

Maeneo ya uwanda, ambako udongo umelala juu ya mawe ya matumbawe, na kwenye nyua zinazopakana na kuta za chokaa, mwasumini hupatwa na umanjano ambao watu huudhania ukame. Chunguza ni majani gani. Yakiwa ya chini, makuukuu, yote manjano mpaka kwenye mishipa, mti una upungufu wa naitrojeni, samadi itasaidia. Yakiwa ya juu, machanga, na mishipa imebaki kijani kama mchoro juu ya manjano, ni upungufu wa chuma. Chuma kinaweza kuwamo udongoni, lakini chokaa imekifunga na mizizi haikipati. Hapo ongezeko la samadi peke yake halikuponyi haraka. Nunua salfeti ya chuma kwenye duka la pembejeo, yeyusha gramu 5 katika lita moja ya maji, unyunyize majani jioni mara moja kwa mwezi mpaka machipukizi mapya yatoke ya kijani. Na mti mpya usiupande chini ya ukuta unaopakwa chokaa. Sogea mita moja au zaidi.

Kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia huku katikati ni kijani, shuku maji ya kisima. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, na mara kwa mara umwagilie kwa wingi ili chumvi iliyojilimbika izame chini. Kwa kawaida mwagilia udongo wa juu ukishakauka kina cha kifundo cha kidole, kisha tia maji ya kutosha kuzama. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku hufundisha mizizi kukaa juu juu, ikaungua wakati wa kaskazi.

Wadudu

Wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, utitiri mwekundu hushambulia chini ya majani. Jani hupauka vidoadoa, na ukiligeuza unaona utando mwembamba. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, siku chache mfululizo. Vidung'ata, wale weupe kama pamba, huondoka kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kitumba chenye kitundu na vinyesi vyeusi pembeni kina kiwavi ndani: kichume ukiponde, usikitupe chini ya mti.

Wadudu wakizidi, saga kokwa za mbegu za mwarobaini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, unyunyize jioni baada ya kuchuma. Dawa kali za shambani naomba msizitumie kabisa kwenye mti huu. Maua haya yanakwenda kwenye nywele, kifuani, juu ya mito ya kulalia, na wengine huyatia kwenye maji ya kunywa. Bora kupoteza maua ya wiki moja.

Kuchuma

Asumini hufunguka jua likizama, na harufu hukolea usiku; asubuhi inayofuata mengi yamekwisha anguka. Kwa hiyo chuma alasiri, kitumba kikiwa bado kimefunga. Kilicho tayari ni kinene, cheupe kabisa, kimetuna nchani. Kikiwa na ukijani bado, kiache mpaka kesho, kwani kikichumwa hakitafunguka vizuri. Chuma pamoja na kikonyo, weka kwenye kitambaa kibichi au jani la mgomba, mahali pa ubaridi. Usivitie ndani ya maji, petali huingia madoa ya kahawia. Ukitunga saa kumi na moja, kikuba pamoja na rehani na mkadi vitafunguka wakati mvaaji ameshatoka.

Chunguni, na nchi za baridi

Asiye na ardhi atumie chungu au ndoo yenye upana wa sentimita 30 au zaidi, matundu matatu chini, na udongo mwepesi. Kila baada ya miaka miwili utoe mti, punguza mizizi ya nje, ubadilishe udongo.

Wa nyanda za juu, Lushoto, Arusha au Limuru, watapata maua machache miezi ya baridi. Waweke chungu ukuta wa mashariki unaopigwa na jua la asubuhi. Na ndugu zetu walioko Ulaya wanaweza kuulea vilevile dirishani penye mwanga, wauingize ndani joto la usiku likikaribia digrii 10. Huko wanaona lilaki bustanini kila Mei, maua ya zambarau yenye harufu, na wengine wanaomba mbegu zake waje kupanda Tanga au Mombasa. Lilaki inahitaji wiki nyingi za baridi kali ili vitumba vyake viamke. Pwani itatoa majani, pengine, na hapo itakomea. Ukitaka kumpelekea mtu zawadi ya kupanda, mpe kopo la mwasumini uliootesha mwenyewe, na umwambie wapi pa kukata.