Vile unaweza soma Kihispania na historia pamoja chuoni

Kama umechukua hizi kozi mbili na uko huku Kisumu kama mimi, kitu ya kwanza usizisome kama vitu mbili tofauti, wacha zisaidiane. Chukua mwaka 711, Waislamu wanavuka kutoka Afrika Kaskazini wanaingia Uhispania, na utawala wao unakuja kuisha Granada ikianguka 1492, mwaka ule ule Columbus anavuka bahari. Sasa angalia maneno: sukari yetu ni azúcar yao, na neno letu "hata" ni "hasta" yao, zote zimetoka Kiarabu. Siku niligundua hiyo ya hasta nilikuwa kwa matatu ya Kondele, nikafunga kitabu nikatabasamu, na sijawahi isahau tena.

Nunua daftari moja kubwa, kushoto andika tukio na mwaka kwa Kihispania rahisi, kulia maneno mapya. Anza na aya moja tu, kwa mfano kuhusu Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka kwa Uhispania 12 Oktoba 1968, alafu isome kwa sauti, vokali zao ni tano kama zetu so matamshi haitakusumbua sana.

Kazi iko kwa wakati uliopita. Llegó ni alifika, llegaba ni alikuwa akifika, na ukichanganya hizo mbili kwa insha ya historia msomaji hajui kama jeshi lilifika ama bado lilikuwa njiani. Hapo ndio uweke masaa mingi kabisa.

Ratiba zikigongana ongea na idara wiki ya kwanza, usingoje mitihani.