Chagua konsoli kwanza, emuleta baadaye

Ndani ya kaseti ya Pokémon Red ya Game Boy mna betri ndogo ya duara, na kazi yake ni moja tu: kuipa umeme memori inayotunza ulipofikia. Betri ikifa, mchezo wako nao umekwenda. Kaseti ninayoizungumzia ni ya kaka yangu. Aliicheza hadi saa ya mchezo ikapita mia moja, akaiweka kwenye boksi la viatu, na miaka mingi baadaye nikaikuta mimi. Kabla ya kufanya lolote nilitafuta kifaa cha kusomea kaseti, kile kinachochomekwa kwenye laptopu kwa USB, nikatoa mafaili mawili: gemu yenyewe, MB 1, na sevu yake, KB 32. Miezi michache baadaye betri ilikata roho. Zile KB 32 ninazo mpaka leo, na nitakuonyesha mwishoni zinavyofunguliwa.

Tangu hapo ndugu na marafiki huniuliza emuleta ipi ni bora. Nami huwauliza: unataka kucheza gemu za konsoli gani, yaani mashine gani ya gemu, na utazichezea kwenye kifaa gani? Ukijibu hayo mawili, kazi ya kuchagua imekaribia kwisha.

Emuleta ni programu inayojifanya mashine nyingine. Konsoli ina prosesa yake, chipu ya kuchora, chipu ya sauti, na zote zinakwenda kwa mapigo ya pamoja. Emuleta lazima iziige zote bila moja kuitangulia nyingine. Ndiyo maana kasi ya konsoli ya zamani isikudanganye. Prosesa ya NES, konsoli ya zamani ya Nintendo, ilikwenda kwa MHz 1.79 tu, lakini kuiiga kwa uaminifu, pigo kwa pigo, kunadai kompyuta yenye nguvu mara nyingi zaidi ya hapo. Wakati mwingine hata kaseti ina prosesa yake: Star Fox ya mwaka 1993 ilibeba chipu ya Super FX ndani ya kaseti, kwa hiyo emuleta ya SNES, konsoli iliyoifuata NES, isiyoijua chipu hiyo haiwezi kuifungua gemu hiyo kabisa.

Kwa Game Boy, Game Boy Color na Game Boy Advance, chukua mGBA. Ni nyepesi, ni sahihi, na laptopu kuukuu inaimudu. Kwa NES naipenda Mesen. Kwa SNES, kama kifaa chako ni dhaifu tumia Snes9x. Kama kina nguvu jaribu bsnes, kazi ya Near, mwandishi wa programu aliyetumia miaka mingi kutafuta jambo moja: kila gemu ya SNES iende kama ilivyokwenda kwenye mashine yenyewe. Utakutana na watu wanaosifia ZSNES. Niliitumia pia, na nina kumbukumbu nzuri nayo, lakini toleo lake la mwisho ni la 2007 na lilipata kasi yake kwa kuruka mengi. Iache ipumzike. Mega Drive, konsoli ya Sega, ina Genesis Plus GX, na hapo sina la kuongeza.

PlayStation ya kwanza: DuckStation. Nintendo 64 ndiyo yenye kusumbua, kwa sababu chipu yake ya picha na sauti iliendeshwa na vijiprogramu ambavyo watengenezaji wa gemu waliweza kuvibadilisha, kwa hiyo gemu mbili zinaweza kuitumia mashine kwa namna mbili tofauti. Anza na Mupen64Plus au ares, na usishangae gemu moja ikikubali hapa na kukataa kule. PSP, PlayStation ya mkononi, ni kinyume chake: PPSSPP inakwenda vizuri hata kwenye simu ya kawaida, na haihitaji faili la baiosi, ile programu ya kuamshia konsoli nitakayoieleza baadaye. GameCube na Wii zina Dolphin, PlayStation 2 ina PCSX2, na kwa hizo tatu usijidanganye na simu ya bei nafuu. Zinataka prosesa yenye kasi na kadi ya grafiki inayoeleweka. Mwenye iPhone alifungiwa mlango kwa miaka mingi, lakini mwaka 2024 Apple iliruhusu emuleta za gemu za zamani kwenye duka lake, na Delta ni mahali pazuri pa kuanzia.

RetroArch utaisikia kila unapogeuka. Hiyo si emuleta, ni nyumba inayopangisha emuleta nyingi, kila moja ikiitwa kori. Uzuri wake ni kwamba unaseti pedi, kile kifaa cha vitufe cha kuchezea, mara moja tu na mipangilio inafanana kila mahali. Ubaya ni menyu zake, ambazo hazina huruma kwa mgeni. Ushauri wangu: anza na emuleta inayojitegemea ya konsoli moja, uizoee, ndipo uhamie RetroArch ukiwa unajua unachokitafuta.

Pakua kutoka tovuti ya mradi wenyewe au duka rasmi la kifaa chako. Zote nilizozitaja zina toleo la bure. Ukurasa unaokutaka ulipie "uthibitisho" au ujaze dodoso kabla ya kukupa faili ni wa matapeli, funga na uondoke.

Sasa gemu zenyewe. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya Sony dhidi ya Connectix, kampuni iliyotengeneza programu ya kuchezea diski za PlayStation kwenye kompyuta, na Connectix ikashinda. Lakini uamuzi huo ulihusu utengenezaji wa emuleta. Gemu bado zina hakimiliki, na baiosi pia, hata ziwe za miaka mingi kiasi gani, na sheria ya kunakili unachokimiliki hutofautiana nchi kwa nchi. Soma ya kwako. Mimi natumia kaseti na diski zilizo mikononi mwangu. Diski ya PlayStation ya kwanza ni CD, na kisomaji cha CD cha kompyuta kinaisoma. Programu ya kunakili itakupa faili la BIN lenye data na faili dogo la CUE linaloeleza data hiyo imepangwaje. Kwenye emuleta fungua CUE, usifungue BIN. Ukifungua BIN, baadhi ya gemu zitawaka vizuri kisha zicheze bila muziki, kwa sababu muziki uliorekodiwa kama nyimbo za CD haujulikani uko wapi. Nimewahi kumaliza mbio nzima za magari nikiamini gemu ile haina muziki.

Ukitaka kuokoa nafasi, geuza mafaili hayo kuwa faili moja lililobanwa, la aina ya CHD. Gemu yenye diski kadhaa, kama Final Fantasy VII yenye diski tatu, itengenezee faili la M3U: ni maandishi ya kawaida, kila mstari jina la diski moja. Hapo emuleta itabadilisha diski bila kukutupa nje.

Baiosi ni programu ndogo iliyo ndani ya konsoli, inayoamka kabla ya gemu. Ya PlayStation ya kwanza ni KB 512. DuckStation na PCSX2 kila moja inahitaji baiosi ya konsoli inayoiiga, na itoke kwenye konsoli yako. Emuleta ikifunguka kisha ikakataa kila diski, angalia kwanza kama faili hilo liko kwenye folda iliyotajwa kwenye mipangilio.

Kama huna kaseti wala diski yoyote, bado una pa kuanzia. Wapo watu wanaoendelea kuziandikia gemu mashine hizi. Tobu Tobu Girl ya Game Boy, iliyotoka 2017, ni ya bure na hata msimbo wake uko wazi. Micro Mages ya NES inauzwa, na gemu nzima, pamoja na uwezo wa kucheza watu wanne, imekaa kwenye KB 40. Picha moja ya simu yako ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Gemu ikishawaka, usianze kucheza. Kwanza pedi. Kibodi inatosha kwa kujaribu, lakini gemu za kuruka zinaumiza vidole na roho. Seti kila kitufe kwa mahali kilipokuwa kwenye pedi ya asili, si kwa herufi iliyoandikwa: A na B za Nintendo hazikai mahali pamoja na A na B za Xbox, na gemu zile zilipangwa kwa vidole, si kwa herufi. Sehemu nyingine inayochanganya watu ni tundu la pedi. Katika Metal Gear Solid kuna adui anayesoma mawazo yako, na njia ya kumshinda ni kuchomoa pedi na kuichomeka kwenye tundu la pili. Kwenye emuleta unafanya hivyo hivyo: nenda kwenye mipangilio, hamishia pedi tundu namba 2, kisha urudi ukammalize.

Pili, umbo la picha. SNES kwa kawaida huchora mapikseli 256 kwa 224, na TV za chogo ziliitandaza picha hiyo iwe 4:3. Chagua 4:3. Ukiinyoosha ijaze skrini pana, kila mtu anakuwa mnene na kila duara linakuwa yai, na sioni sababu ya kumfanyia hivyo msanii aliyepanga kila pikseli kwa mkono. Baadhi ya kazi zao zilitegemea hata ukungu wa TV zile. Maporomoko ya maji katika Sonic ya kwanza, ya 1991, yamechorwa kwa mistari ya wima yenye nafasi kati yake. Waya wa video wa zamani uliichanganya mistari hiyo, na jicho likaona maji yanayopitisha mwanga. Kwenye skrini ya leo unaona mistari tu. Kwa hiyo jaribu vichujio vya TV ya chogo vilivyomo kwenye emuleta nyingi. Nilivipuuza kwa muda mrefu nikidhani ni pambo, hadi nilipovifungulia maporomoko yale.

Tatu, toleo. Gemu za Marekani na Japani zilikwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, nyingi za Ulaya zikaenda 50, na zisiporekebishwa zilichelewa kwa karibu asilimia 17. Muziki ukiburuta na mhusika akikimbia kama yuko kwenye matope, emuleta haina kosa. Angalia kwanza kama kaseti au diski yako ni ya Ulaya. Usilazimishe 60 kwa gemu iliyorekebishwa kwa 50, maana itakimbia kupita kiasi.

Nne, kuchelewa kwa vitufe. Washa hali ya gemu kwenye TV, tumia pedi ya waya ikiwezekana. Kisha, kama uko RetroArch, kuna kipengele kinachoitwa run-ahead. Gemu nyingi zilikuwa zinachelewa fremu moja au mbili hata kwenye konsoli, na kipengele hiki kinazifuta. Namba sahihi ipime mwenyewe: simamisha gemu kwa P ya kibodi, shikilia kitufe cha kuruka, kisha bonyeza K, kila mara fremu moja, ukihesabu. Mhusika akisogea kwenye fremu ya tatu, weka 2. Ukizidisha, picha itaanza kurukaruka.

Na sasa sevu, ambako watu wengi hulia. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni sevu ya gemu yenyewe, ile uliyofanya kwenye menyu ya gemu au memori kadi. Hii ni faili dogo, mara nyingi la SAV au SRM, na emuleta nyingine inaweza kulisoma. Ya pili ni ya papo hapo, inayonakili hali yote ya mashine kwa sekunde ile. Ni tamu, inakuokoa kabla ya bosi mgumu, lakini imefungwa kwa emuleta iliyoitengeneza, na mara nyingi kwa toleo lake. Nilicheza wiki tatu kwa sevu za papo hapo peke yake, nikasasisha programu, na hakuna hata moja iliyofunguka. Wiki tatu zote.

Hatari nyingine ni ya kimyakimya. Ukifungua sevu ya papo hapo ya juzi, inarudisha pia memori ya kaseti ya juzi. Ukisevu ndani ya gemu jana, kazi ya jana inaweza kufunikwa. Kwa hiyo kila unapomaliza kucheza, sevu ndani ya gemu, na nakili folda ya sevu mahali pengine. Mafaili ya KB 32 hayakushindi kuyatunza.

Ya kaka yangu niliyafungua hivi. Niliyaweka mafaili yote mawili kwenye folda moja na kuyapa jina moja, moja likiishia na gb na jingine sav, kwa sababu mGBA hulitafuta sevu lenye jina sawa na gemu. Nikafungua gemu. Kwenye menyu ya kwanza likatokea chaguo la kuendelea, na chini yake jina lake, beji zake nane, na saa zake zote.