Vuta-sukuma: desmodiamu kati ya mahindi, mabingobingo pembeni

Nondo jike wa funza wa mabua hutoka jua likishazama, akifuata harufu ya mmea wa kutagia. Hapo ndipo pa kumtega. Desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde unaotambaa, ikipandwa kati ya mistari ya mahindi hutoa harufu asiyoitaka, na mabingobingo (majani ya tembo) yaliyozunguka shamba humwita, hasa saa ya kwanza ya usiku. Akitaga huko, funza wakianguliwa na kujaribu kutoboa bua hukutana na utomvu unaonata, na wengi hufa kabla ya kukomaa. Njia hii, iitwayo vuta-sukuma, ilianza miaka ya 1990 kwa kazi ya watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza.

Kwa wengi kanda ya ziwa, hata hivyo, adui mkubwa ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Mche mmoja hudondosha mbegu kwa makumi ya maelfu, na mbegu hizo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja mzizi wa nafaka. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali inayoziamsha zichipue, na nyingine inayozizuia kushika mzizi wa mahindi. Zinachipua, zinakosa chakula, zinakufa. Kung'oa kiduha kilichokwisha kuchanua hakupunguzi akiba hiyo ya mbegu.

Tayarisha shamba mapema. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana, haivumilii mabonge wala magugu, kwa hiyo lainisha udongo kama wa kitalu. Mvua zikianza, zungushia mabingobingo mistari mitatu: sentimita 75 kati ya mistari, 50 kati ya mashina. Tumia vipande vya bua vyenye vifundo vitatu, uvilaze mshazari, viwili vizikwe. Acha mita moja kabla ya mstari wa kwanza wa mahindi, vinginevyo mabingobingo yatanyang'anya mahindi mwanga na maji. Kipande kisizidi mita 50 kwa 50. Shamba likiwa kubwa zaidi, ligawe, kila kipande kiwe na mpaka wake.

Mahindi yanapandwa sentimita 75 kwa 30. Katikati ya mistari yake chora mfereji kwa kijiti, kina cha sentimita 1 hadi 2. Kilo moja ya mbegu ya desmodiamu hutosha ekari. Changanya sehemu moja ya mbegu na mbili za mchanga laini ili isimwagike yote mwanzoni mwa mstari, kisha fukia kidogo tu. Ukizika kwa kina, haitoki. Mbegu ikikosekana, vipande vya mtambaa vyenye vifundo viwili au vitatu navyo hushika, mradi udongo uwe na unyevu.

Palilia wiki ya tatu na tena wiki ya tano, kwa mkono pale penye desmodiamu. Hapa ndipo mashamba mengi huharibika: kibarua asiyeijua huing'oa akidhani ni gugu. Mwonyeshe kwanza. Jani lina vijani vitatu, na aina ya majani ya fedha ina mstari mweupe katikati ya kila kijani. Aina ya majani ya rangi ya kijani, yenye madoa mekundu-kahawia, huvumilia ukame zaidi. Sehemu kavu weka nyasi ya brakiaria aina ya Mulato II pembeni badala ya mabingobingo.

Msimu wa kwanza usitegemee makubwa. Desmodiamu hukua polepole. Ikianza kuparamia mahindi, ipunguze.

Mabingobingo yakifika mita 1 hadi 1.5, kata mstari wa ndani kwanza, uache kisiki cha sentimita 10, ili nje pabaki marefu ya kumwita nondo. Lisha mifugo bandani. Ng'ombe akiingia shambani, desmodiamu imekwisha. Shina linalochipua majani ya njano na kudumaa baada ya kukatwa lina ugonjwa unaoenezwa na wadudu wafyonza utomvu: ling'oe lote, uchome, na usichukue mbegu hapo.

Msimu unaofuata usilime shamba zima. Kata desmodiamu ibaki sentimita 6 hivi, toa majani ukalishe, halafu fungua tu mistari ya mahindi.