Dimbwi Moja kwa Saa Nzima: Kuwapeleka Wanafunzi Mwambani Maji Yakipwa

Nafundisha darasa la tano kusini mashariki ya Unguja, kati ya Jambiani na Makunduchi. Wanafunzi wangu wamekulia baharini. Mama zao wanalima mwani, baba zao wanavua, na wao wenyewe wakitoka chuo cha Kurani hushuka pwani kuokota makombe ya kuwauzia watalii. Kwa hiyo siwapeleki mwambani ili wakaione bahari. Nawapeleka wajifunze kuitazama bila kuondoka na kitu mkononi, na hilo ndilo gumu kuliko yote nitakayoyaeleza hapa.

Ratiba ipange kwa mwezi. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji hukauka zaidi siku moja au mbili baadaye. Kwetu ni bahati: siku hizo maji hufika chini kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati wa masomo. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50, basi safari ikiahirishwa usibaki na saa ya jana. Maji mafu, yaani siku yanapopwa kidogo tu, yaache, madimbwi mazuri hayafunuki. Jedwali la maji lipo, lakini kamuulize pia mama anayekwenda kwenye mwani. Yeye anajua mwamba wenu unavyokauka, na jedwali halijui.

Kabla ya siku yenyewe nenda kwa sheha na kwa kamati ya wavuvi. Vijiji vingine vya kusini hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na darasa halina ruhusa ya kukanyaga huko. Wala msikatize katikati ya kamba za mwani. Kila kamba ni kazi ya mtu.

Fikeni saa moja na nusu kabla ya maji kufika chini. Mnashuka mkiyafuata, na yakigeuka tu mnarudi. Wakati wa bamvua, kutoka kupwa hadi kujaa, maji hupanda karibu mita 4, na mwamba wetu haukuteremka sawasawa, una mabonde na mikondo. Maji yakianza kurudi huingia kwanza mkondo ulio nyuma yenu, baina yenu na ufukwe, huku mbele bado mnaona pakavu. Ndiyo maana mtu mzima mmoja hapewi kazi nyingine yoyote ila kuyatazama maji, firimbi mdomoni. Akipuliza, hakuna "subiri kidogo, mwalimu". Wengine, mtu mzima mmoja kwa watoto sita.

Viatu: raba kuukuu au yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Ndara hazifai, zinachomoka na mtoto anabaki peku juu ya miiba. Kofia, maji ya kunywa, basi.

Wanyama wenye kudhuru nawaonyesha darasani kwa picha, mara mbili. Wa kwanza ni konokono mwenye umbo la pia, kombe lake limechorwa vizuri kama kanga. Ana mshale wa sumu unaoweza kumuua mtu mzima, na ndiye hasa mtoto wa kuokota makombe angempenda. Wa pili ni yule samaki anayejifanya jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Wa tatu ni mnyama wa miiba mirefu myeusi, huyo kila mtoto anamjua. Mwiba wa samaki au wa huyu wa mwisho ukimchoma mtoto, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, umeyajaribu kwanza kwa mkono wako, kisha hospitali. Mimi huchukua chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Aliyechomwa na konokono asitembee: mfunge bendeji pana ya kubana kuanzia palipochomwa kupanda juu, kiungo kisitikisike, abebwe hospitali mara moja.

Sasa dimbwi. Mwaka wa kwanza niliwaachia wanafunzi 40 mwamba mzima. Walikimbia, wakapindua mawe, wakarudi na ndoo. Ndani mlikuwa na viti vya pweza (nyota wa bahari) vinne na jongoo bahari mmoja, na mimi nikakubali tuwapeleke shule. Adhuhuri maji ya ndoo yalikuwa ya moto na wote wamekufa. Kiti cha pweza huvuta hewa iliyomo ndani ya maji. Ndoo ikipata joto hewa hiyo hupungua, na akishikwa juu apigwe picha ndiyo anakosa kabisa. Nilijua haya kitabuni, na bado niliwaachia.

Siku hizi kila kundi la watoto sita lina dimbwi moja, lisilozidi ukubwa wa sinia la pilau, na halihami. Wanachuchumaa upande ambao vivuli vyao haviangukii maji. Dakika tano za kwanza hakuna anayesema. Upepo ukitia mawimbi juu, bonyeza bakuli la plastiki linaloonyesha kwenye uso wa maji, na chini patatulia kama kioo.

Dakika tano hizo ndizo somo lenyewe. Mara ya mwisho kundi moja lilikuwa na donge jeusi lenye madoadoa, wakadhani ni sifongo. Kisha binti mmoja akaegemea mbele, kivuli chake kikalipita, na lile donge likaanza kujifunua taratibu pande zote mbili, ngozi ikirudi ndani, mpaka kombe la kauri likabaki linang'aa. "Mwalimu, kavaa baibui!" Wote walikuwa wamewahi kuuza kauri. Hakuna aliyewahi kumwona amejifunika, wala aliyejua kwamba ngozi ile ndiyo inayolijenga na kuling'arisha kombe. Walikaa dakika kumi nyingine wakimngoja ajifunike tena.

Jiwe lipinduliwe na mtu mzima, polepole, kuelekea kwake, na lirudishwe vilevile lilivyokuwa. Bibi yangu aliyekuwa akitafuta pweza alinifundisha hivyo: walio chini ya jiwe hawalijui jua. Jongoo bahari asibanwe. Wengine hutoa nyuzi nyeupe zinazonata, na watoto hupenda kuzitazama, lakini ndiyo silaha yake na huchukua muda kuiota tena.

Kama una kipimajoto, pima dimbwi la karibu na ufukwe na la karibu na bahari, kisha rudia baada ya nusu saa. La juu hupata moto haraka na lina wanyama wachache. Waache watoto waseme kwa nini kabla hujasema wewe.

Mkirudi, wachore dimbwi lao kwa kukumbuka. Kisha wapeleke michoro nyumbani, wawaulize bibi na babu majina. Mwaka huu konokono mmoja mdogo alirudi ubaoni na majina matatu kutoka nyumba tatu. Tuliyaandika yote matatu, na pembeni ya kila moja jina la nyanya aliyelitoa.