Kiwanja chembamba kando ya barabara kuu: anza na futi kamba, ramani baadaye

Wakuu, kuna jamaa kaniletea kiwanja cha mita 12 kwa 25 kando ya barabara kuu hapa Dar, anataka frem (vyumba vya biashara) chini na yeye akae juu na familia, na ramani ashachorewa bila mtu kufika saiti. Nikamwambia hiyo weka kabatini twende tukapime.

Hatua ya 1, hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni ambalo ni mali ya barabara na hujengi. Usipime kuanzia lami inapoishia, pima kuanzia katikati ya barabara. Kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande, zamani ilikuwa 22.5, ndo maana mtu ana hati safi na bado anapigwa X, ile alama ya kubomolewa. Morogoro Road kipande cha Kimara kwenda Kiluvya ndo usiseme, kule ni mita 121.5 kila upande, bomoabomoa ya 2017 mnaikumbuka. Andika barua TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, waje wakuonyeshe mpaka. Sisi bikoni (jiwe la mpaka) ya mbele tuliikuta chini ya jiko la mama lishe, tukasubiri chapati ziishe ndo tupime, na zile 25 zikabaki 17.

Hatua ya 2 hapa ndo wengi wanachemka. Mbele kuna honi, vumbi la malori na jua la saa kumi linapiga usoni, sasa kwa nini chumba cha kulala kitazame huko? Upande wa barabara weka ngazi, stoo na vyoo, ukuta wa ngazi jenga kwa matofali ya matundu, vyumba vigeukie nyuma. Kushoto kulia kuna majirani huwezi kutoboa dirisha, so acha uwazi katikati hata mita 2 kwa 3 mwanga na upepo vishuke.

Hatua ya 3, karo, yaani shimo la majitaka. Panga kabla ya msingi, na bomba la gari la majitaka lifike bila kupita sebuleni kwa mtu.

Kibali cha manispaa mnajua wenyewe.

MASWALI

Mdau Tabata: Frem nikizisogeza mbele kwa mabati si ni za muda tu?
Jibu: X haiulizi kama ni bati. Halafu mteja atapaki wapi?

Dada wa Mbagala: Nikiweka dirisha kubwa la sliding si kelele zinakata?
Jibu: Zinapungua ukifunga, na ukifunga ni AC mchana kutwa, andaa hela ya umeme wa LUKU.

Mdau Kibamba: Nina X ya kijani, nibomoe?
Jibu: Tulia kaka, ya kijani ndo ya kusubiri fidia. Ila usiongeze hata tofali moja.