Nyuki akikudunga, mwiba kwanza, dawa baadaye

Wafugaji nyuki wa Chanika, Pugu, Msongola na Kigamboni hapa Dar es Salaam, pamoja na ninyi mnaolima mboga chini ya miembe ambako makundi ya nyuki hutua bila hodi, kosa letu ni lilelile kila msimu. Mtu anadungwa, anatupa jembe, anakimbilia nyumbani kutafuta kitunguu, majivu, mafuta ya taa au dawa ya meno. Mwingine anamtuma mtoto dukani. Muda wote huo mwiba uko ndani ya ngozi na unaendelea na kazi yake.

Mwiba wa nyuki una vijino vilivyogeukia nyuma. Ndiyo maana nyuki akijinasua, mwiba unabaki mwilini mwako pamoja na kifuko cha sumu na misuli yake. Nyuki huyo atakufa, lakini misuli ile haimsubiri: inabana na kuachia, inabana na kuachia, na kila ikibana sumu inaingia. Karibu sumu yote, zaidi ya sehemu tisa katika kumi, huingia ndani ya sekunde 20. Ikitimia dakika moja kifuko ni kitupu. Sasa pima mwenyewe umbali kutoka tuta lako la mchicha hadi jikoni. Ukirudi na kitunguu mkononi, sumu imekwisha kuingia, na hakuna cha kupaka juu ya ngozi kitakachoifuata huko ndani.

Kuna fundisho lingine ambalo limewaponza watu wenye nia njema. Wameambiwa mwiba usibanwe kwa vidole kwa kuwa utakamua sumu, ukwanguliwe kwa kisu au kadi. Basi mtu anaanza kujipapasa mifukoni akitafuta kadi! Acheni hilo. Mwaka 1996 watafiti nchini Marekani walilinganisha kuubana mwiba na kuukwangua, wakakuta uvimbe haukutofautiana kwa sababu ya njia. Kilichouongeza ni kuchelewa, hata kwa sekunde chache tu. Tumia kucha, tumia vidole, tumia ncha ya kifaa ulichoshika tayari. Utoe papo hapo, ukiwa umesimama palepale ulipodungwa.

Kwa aliye mzingani kuna sababu ya pili ya kuwahi. Mwiba ukibaki hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na kwa nyuki wenzake harufu hiyo ni amri ya kushambulia mahali hapohapo. Ukishautoa, puliza moshi juu ya sehemu uliyodungwa ili kuififisha harufu, kisha ondoka mzingani kwa utaratibu. Glavu na suti nazo hubaki na miba na harufu hiyo. Wapo wanaomaliza uvunaji wakazitundika hivyo hivyo hadi mavuno yajayo, halafu wanashangaa nyuki kuwa wakali kabla hata mzinga haujafunguliwa. Zifueni kwa sabuni kila baada ya kazi.

Ukishafika mahali salama, vua pete kama umedungwa mkononi, kwa sababu kidole kikishavimba haitatoka. Osha kwa maji na sabuni. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, pumzisha, rudia. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja. Mtu mzima anayewashwa sana anaweza kumeza setirizini ya miligramu 10 mara moja kwa siku. Uvimbe unaweza kuongezeka hadi siku ya pili, na hiyo peke yake si dalili ya vijidudu, kwa hiyo msikimbilie kununua amoksilini. Ukiwahi kuutoa mwiba, uvimbe utakuwa mdogo na utaisha ndani ya siku chache.

Nyigu na sisimizi waitwao maji moto hawaachi mwiba, kwa hiyo kwao anza na maji na sabuni moja kwa moja. Na tafadhali msiwapulizie dawa maji moto wa kwenye mikorosho na minazi kwa hasira ya kuumwa, maana ndio wanaoilinda miti hiyo dhidi ya wadudu wanaofyonza matunda machanga.

Utaratibu wa mwiba kwanza unabadilika mahali pamoja tu: likikuvamia kundi. Hapo kimbia kwanza. Funika uso kwa shati au kanga, nenda moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari, funga mlango, ndipo utoe miba. Usipigepige mikono. Usijitose mtoni wala bwawani, kwa kuwa nyuki watakusubiri uibuke. Aliyedungwa mara nyingi, hasa mtoto au mzee, apelekwe hospitali hata akisema hajambo, kwani sumu nyingi huweza kuharibu figo baadaye.

Na hata mwiba mmoja unaweza kuua mtu ambaye mwili wake unaikataa sumu hiyo. Midomo au ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, vipele mwili mzima, kutapika, kizunguzungu: dalili hizi mara nyingi hujitokeza ndani ya dakika chache. Huyo anahitaji sindano ya adrenalini, na setirizini haiwezi kuchukua nafasi yake. Mlaze, inua miguu yake. Kama anahema kwa shida mwache akae. Tafuteni gari mara moja kwenda kituo cha afya kilicho karibu. Msipoteze muda kuvuka jiji lenye foleni kwenda Muhimbili wakati hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala iko karibu yenu. Akishapona, asirudi mzingani kabla ya kuonana na daktari.

Kuhusu mizinga yenyewe, nashauri iwe angalau mita 200 kutoka kwenye nyumba, njia na shule. Kama kiwanja chako hakikupi mita hizo, hapo si mahali pa mzinga, hata kama asali ina bei nzuri. Vuna kuanzia saa 12 jioni jua likizama, tumia tochi yenye mwanga mwekundu ambao nyuki hawauoni, na simama nyuma au ubavuni mwa mzinga, kamwe usiukabili mlango wake. Waambie majirani mapema siku ya kuvuna, na mbuzi waliofungwa kamba jirani na mizinga wahamishwe kabla hujawasha moshi, kwa sababu mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia.