Namna ya Kutunza Kinga ya Mzazi Mwenye Umri na Uzito Mkubwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi na mzazi aliyevuka miaka 60, ambaye tumbo lake limekuwa likiongezeka mwaka hadi mwaka, na ambaye siku hizi kila mafua yakipita nyumbani humlaza kitandani wiki nzima. Hapa Mwanza, kabla ya kugusa chakula chake, huna budi kuanza na mazungumzo. Kunenepa kwetu ni sifa, na mtu aliyeongezeka mwili huambiwa kwamba amenawiri. Kukonda, kwa upande mwingine, kumebeba hofu katika mikoa yote inayolizunguka ziwa tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa Kagera mwaka 1983. Ukimwambia mama apunguze tumbo bila maelezo, huenda akasikia kwamba unataka majirani waanze kumnong'ona. Mweleze kwamba jambo linalokusumbua ni kinga yake.

Maelezo yenyewe si magumu. Nyuma ya mfupa wa kifua ipo tezi iitwayo thimasi, ambamo chembe nyeupe za damu zijulikanazo kama chembe T hukomaa na kujifunza kutofautisha mwili na adui. Tezi hii huanza kusinyaa mapema maishani, na nafasi yake hujazwa mafuta taratibu, hata mzee akabaki akitegemea zaidi chembe za zamani zinazokumbuka maradhi aliyokwisha kuugua, huku zile mpya za kukabili vimelea asivyowahi kukutana navyo zikiwa chache. Mafuta yanayozunguka matumbo nayo si akiba iliyolala kama mahindi ghalani. Hutoa kemikali zinazoziamsha chembe za kinga bila kuwapo adui, hivyo mwili hukaa katika uvimbe sugu wa ndani usioonekana kwa macho, na vita vya kweli vinapokuja hujibu kwa kuchelewa au kwa fujo. Uzee peke yake huleta hali hiyo, unene huizidisha. Ndiyo maana ugonjwa wa UVIKO-19 uliwaelemea zaidi wazee na watu wanene, na ndiyo maana chanjo ya mafua huwajengea wazee kinga hafifu kuliko vijana. Unene ukizaa kisukari, hatari ya kuugua kifua kikuu huongezeka takribani mara tatu.

Hatua ya kwanza ni kupima, na kifaa kinachofaa zaidi ni futi ya fundi cherehani. Mzungushie kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, akiwa amesimama na ametoa pumzi. Kwa mwanamke hatari huanza kupanda kuanzia sentimita 80, na kwa mwanamume kuanzia sentimita 94. Wakizidi 88 na 102, hatari ni kubwa. Naupendelea mzingo wa kiuno kuliko mizani kwa sababu mzee hupoteza misuli huku akiongeza mafuta, na mizani ikaendelea kusoma kilo zilezile kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kama anayepimwa ni mkwe wako, mwachie binti yake au mjukuu afanye kazi hiyo. Andika vipimo katika daftari mara moja kwa mwezi.

Kuhusu chakula, kosa kubwa ni kumnyima. Mzee anayefungishwa njaa hupoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli hiyo ndiyo hazina ya protini ambayo mwili huichota wakati wa maradhi. Kwa kawaida mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye lazima aulize daktari kwanza. Kwa bahati, sisi tumezungukwa na samaki, na gramu 100 za sato hutoa takribani gramu 20 za protini. Mpe sato wa kuchemsha au dagaa walioungwa na nyanya, ongeza mchicha au kisamvu, na upunguze donge la ugali badala ya kitoweo. Kinachomnenepesha mara nyingi ni vitu vinavyozunguka mlo: sukari vijiko vitatu katika kila kikombe cha chai, soda ya kumkaribishia mgeni, maandazi, na sangara aliyeogeshwa mafuta.

Mwendo nao una kipimo chake, yaani dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi inayomruhusu kuzungumza lakini isiyomruhusu kuimba, pamoja na siku mbili za kujenga misuli, hata kwa kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi. Njia za vilima vya Isamilo na Bugando zitamvunja magoti. Mtafutie barabara tambarare, asubuhi kabla ya jua kali. Asikanyage maji ya ukingoni mwa ziwa ili kuburudisha miguu, kwa kuwa kichocho bado kipo.

Sehemu inayohitaji macho zaidi ni ugonjwa unapoingia, kwa sababu kinga iliyochoka haipigi kelele. Mzee anaweza kuwa na nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo bila homa kali. Mpime joto siku chache akiwa mzima, uandike kawaida yake. Likipanda zaidi ya nyuzi 1 juu ya hapo, lichukulie kuwa homa hata kama kipimajoto hakijafika 38. Ukimwona ghafla amechanganyikiwa, akikuita kwa jina la marehemu mjomba wako, au akianguka, akikataa uji, au akihema haraka, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usiseme ni uzee tu. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili kinahitaji kipimo cha makohozi, ambacho katika vituo vya umma hakilipiwi. Na akikonda bila kukusudia, usishangilie kiuno kilichopungua. Hiyo nayo ni sababu ya kumwona daktari.

Unapompeleka, beba daftari na dawa zote anazotumia, zikiwamo zile za maumivu ya viungo alizonunua dukani zikiwa zimefungwa kwenye karatasi bila jina. Baadhi yake huwa na deksamethasoni au prednisoloni, dawa zinazoiga homoni ya mwili, ambazo hutuliza magoti upesi lakini, zikitumika kwa muda mrefu, huongeza hamu ya kula na uzito, hupandisha sukari na hudhoofisha kinga ileile mnayoihangaikia. Kama amezimeza kwa wiki kadhaa, usizitupe wala kumkatizia ghafla, kwa sababu mwili wake unaweza kuwa umeacha kutengeneza homoni yake ya asili ya aina hiyo. Mwache daktari azipunguze kidogo kidogo, na katika ziara hiyohiyo uulize ni chanjo zipi za watu wazima zinazopatikana kwa umri wake.